Uzi: Unataka kufanya kazi na pomboo, nyangumi na nguva? Njia ya kusoma hii hapa

Mwana wa Diko (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila yakitoka matokeo ya kidato cha nne na cha sita vijana hunifuata na swali lile lile: "Napenda pomboo, nisome nini?" Wengine huulizia nyangumi. Wachache mno huulizia nguva, na hao ndio tunaowahitaji kuliko wote. Nafanya kazi ya utafiti wa wanyama hawa upande wa Zanzibar, nimeona wanaofika na wanaokwama njiani, basi nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Kwanza elewa hili: ukifungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hutakuta shahada ya kwanza iliyoandikwa pomboo wala nyangumi. Usikate tamaa na usianze kuwaza kuuza shamba la mzee ukasome ng'ambo. Mlango wetu ni uvuvi. Nasema hivyo kwa sababu kinachowamaliza pomboo wa pwani hii ni jarife, lile wavu la macho makubwa linalotegwa jioni kwa ajili ya papa, taa na jodari na kuvutwa alfajiri. Pomboo anaingia, ananasa mkia au mapezi, hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa. Mwaka 2002 Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi walichapisha utafiti wao juu ya pomboo wanaonaswa kwa bahati mbaya kwenye nyavu za Zanzibar, na mpaka leo kazi nyingi za eneo hili zimejengwa juu ya msingi ule. Anayejua jarife linavyotegwa, kwa upepo gani, kwenye kina gani, na kwa nini mvuvi hawezi kuliacha tu, huyo ana cha kuchangia tangu siku ya kwanza kazini.

Sasa masomo yenyewe. Kidato cha tano nenda PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia). Halafu ile BAM, hesabu za msingi, wanayoichukulia wengi kama somo la kupita, ishike kwa mikono miwili. Utafiti wa wanyama hawa ni takwimu mwanzo mwisho. Unamwona mnyama kwa sekunde chache, anazama, na wewe unatakiwa useme wako wangapi. Hapo hakuna kubahatisha, kuna hesabu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi za majini na uvuvi, na kituo chake cha Kunduchi kiko palepale ufukweni. Zuolojia nayo inafaa. Ambaye alama hazikutosha, asikae nyumbani akilia. FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wana kampasi ya Mbegani pale Bagamoyo, kuna astashahada na stashahada za uvuvi, na nawajua watu walioanzia huko wakapanda mpaka uzamili. Kwa kweli wengi wao kwenye boti wana mkono mzuri kuliko sisi tuliopita njia ndefu ya darasani.

Kwenye uzamili ndipo unapojitenga na wenzako wa samaki. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya UDSM iko Zanzibar, imekuwepo tangu 1978. Kozi itaitwa sayansi za bahari tu, lakini mada ya tasnifu unaichagua wewe. Ukichagua pomboo, nyangumi au nguva, tayari umeshakuwa mtu wa fani, hata kama cheti hakisemi hivyo.

Nieleze kazi ilivyo, maana wengi wana picha ya kuogelea na pomboo mchana kutwa. Tunatoka asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Mmoja anaangalia kulia, mmoja kushoto, mmoja anaandika: saa, mahali kwa GPS, hali ya bahari, idadi, watoto wangapi, wanafanya nini. Mpiga picha ana kazi moja tu, kupata pezi la mgongo likiwa limekaa ubavu kamili. Kila pomboo ana alama na mikato yake kwenye ukingo wa nyuma wa pezi, ya kung'atwa na wenzake au ya nyavu. Jioni unakaa na kompyuta kulinganisha pezi na pezi, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yanauma. Kwa njia hiyo watafiti walikadiria, kwa picha za kati ya 1999 na 2002, kwamba kusini mwa Unguja kulikuwa na pomboo wa aina ya Tursiops aduncus kati ya 136 na 179. Hiyo ndiyo jamii nzima ambayo utalii wa Kizimkazi unaitegemea. Fikiria wavu mmoja mbaya unafanya nini kwa idadi kama hiyo.

Kuna na upande wa maabara. Pomboo 26 walionaswa kwenye nyavu za Zanzibar walipasuliwa matumbo kutazama wanakula nini. Nyama ya samaki husagika haraka, kinachobaki ni vijiwe vidogo vya sikio la samaki na midomo migumu ya ngisi. Mtu anakaa na hadubini anatambua kijiwe hiki cha samaki gani, kile cha samaki gani. Walipata aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi. Umri wa pomboo nao unasomwa kwenye jino: linakatwa wembamba kabisa, linatiwa rangi, unahesabu tabaka kama pete za shina la mti. Ukipenda kazi ya kukaa kimya na kitu kidogo mkononi, upande huu una nafasi nyingi kuliko watu.

Ulizeni, nitajibu nikitoka baharini.

---

Mgogo wa PCB

Shikamoo mkuu. Mimi nipo Singida, nimemaliza form six mwaka huu, bahari naiona kwenye picha tu. Kuogelea sijui. Je, nina nafasi au niwaachie watoto wa pwani?

---

Mwana wa Diko

Marahaba mdogo wangu. Nafasi unayo. Kuogelea unajifunza ukubwani, na ujifunze kweli, siyo kupiga maji mita kumi ukasema umeweza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, wana kozi fupi za usalama baharini: kuvaa jaketi la kuokolea, kupanda boya, kuzima moto chomboni, huduma ya kwanza. Cheti hicho weka kwenye CV, kinasomwa na kila mwenye boti.

Halafu wewe wa bara usijione uko nyuma. Mtoto wa pwani anajua bahari, lakini kwenye R, programu ya takwimu, wote mnaanzia sifuri. Ni ya bure, na QGIS ya kuchora ramani ni ya bure. Kwa sauti za pomboo chini ya maji kuna PAMGuard, nayo bure. Ukija mafunzo kwa vitendo unajua kusafisha data na kutoa grafu, hakuna msimamizi atakayekuuliza umezaliwa wapi.

---

Daktari wa Ng'ombe

Naomba niongezee upande wetu. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, miaka 5. Watu wanadhani BVM, shahada yetu ya udaktari wa mifugo, ni ng'ombe na mbuzi tu. Mnyama anayenyonyesha ni mnyama anayenyonyesha: ana mapafu, ini, figo, mfuko wa uzazi. Pomboo akitupwa ufukweni amekufa, anayeweza kusema kafa kwa nini ni yule aliyefundishwa kupasua kwa utaratibu na kuchukua sampuli inavyotakiwa.

Mnakumbuka Aprili 2006 kule Nungwi? Pomboo karibu 400 walikutwa wamekufa ufukweni kwa mkupuo. Watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walikwenda, wakapasua, matumbo yakakutwa matupu. Tukio kama lile linataka mikono mingi yenye ujuzi ndani ya saa chache, maana kwa joto letu mzoga unaharibika haraka mno, na ukishaharibika jibu la vimelea na virusi hulipati tena.

Ombi kwa kila anayesoma hapa: ukikuta pomboo au nyangumi amekufa usimkate nyama na usimguse mikono mitupu. Kuna brusela ya wanyama wa baharini, na binadamu anaweza kuugua. Piga picha mwili mzima, kichwa, pezi na mkia, weka kitu kinachoonesha urefu, mpigie bwana samaki wa eneo.

---

Mwana wa Diko

Dokta, ubarikiwe. Vijana, someni hiyo mara mbili. Tungekuwa na madaktari wa mifugo japo wachache waliojikita huku, tungekuwa mbali.

---

Mkilifi Halisi

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Huku kwetu mambo ni karibu sawa. Ukitoka KCSE na alama nzuri kwa biolojia, kemia na hesabu, Pwani University hapa Kilifi wana kozi za biolojia ya bahari na uvuvi, na Technical University of Mombasa pia wanafundisha mambo ya rasilimali za bahari. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mombasa, wanachukua wanafunzi wa atachi, yaani mafunzo kwa vitendo. Ukipenda pomboo moja kwa moja, angalia Watamu na Kisite-Mpunguti kule Shimoni. Tangu 2011 kuna mtandao wa kuandikisha wanyama hawa wa baharini, ambapo hata manahodha wa boti za watalii na wavuvi hutuma walichokiona. Mimi nilianza hivyo, kujaza fomu tu, nikiwa bado sijajiunga na chuo.

Msimu wa nyangumi wa nundu ni kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba. Wanatoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Nyangumi hatambuliwi kwa pezi, anatambuliwa kwa upande wa chini wa mkia, ile rangi nyeusi na nyeupe. Ukipata picha safi itume tovuti ya Happywhale, wanailinganisha na picha za dunia nzima. Ukitaka kuzoea kazi, hiyo ni shule isiyo na karo.

---

Binamu wa Deira

Wakuu mimi niko Dubai, kazi yangu ni usafi hotelini. Hapa kuna ukumbi wa maonyesho ya pomboo, nawaona wale wafunzaji wanacheza nao, watu wanapiga makofi. Ile kazi inasomewa wapi? Naona kama ndiyo yenyewe.

---

Mwana wa Diko

Kaka, hongera kwa kuuliza. Ile ni fani tofauti, ya kumfunza mnyama tabia kwa kumpa samaki na ishara. Marekani kuna vyuo vinavyoifundisha kwa vitendo, kwa mfano Moorpark College kule California ina programu nzima ya kufunza na kutunza wanyama wa porini. Wengine huingia na shahada ya saikolojia au biolojia, wanaanzia kukata samaki ndooni na kuosha mabwawa, wanapanda taratibu.

Lakini nikushauri kama ndugu yako. Mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Kanada ilipiga marufuku kufuga nyangumi na pomboo kwa maonyesho mwaka 2019, Ufaransa ikapitisha sheria yake 2021. Na mimi binafsi, nikishamwona pomboo wa Ghuba ya Menai na mtoto wake wanakatiza mkondo, bwawa la saruji siwezi kulipenda. Usiweke akiba yako yote huko. Kama kiu yako ni kumtunza mnyama kwa mikono, fuata njia ya dokta hapo juu.

---

Mama Wawili

Samahani, niulize kama mzazi. Binti yangu anataka hiki kitu. Sipingi. Ila ajira iko wapi? Nisijelipa ada miaka yote halafu arudi kukaa sebuleni.

---

Mwana wa Diko

Mama, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kupaka sukari. Kazi ya kudumu yenye jina la pomboo peke yake ni adimu. Watu wetu wengi wameajiriwa kama maofisa uvuvi, watafiti wa TAFIRI na ZAFIRI (taasisi za utafiti wa uvuvi za bara na Zanzibar), wahifadhi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, wahadhiri, au watu wa mashirika. Nafasi za serikali zinatangazwa kwenye Ajira Portal kama nyingine zote. Ndani ya kazi hizo ndipo mtu anapobeba mzigo wa pomboo. Zilizobaki ni kazi za miradi: inakuja ya miaka miwili au mitatu, inaisha, unatafuta nyingine. Binti lazima ajue hilo mapema.

Ndiyo sababu nasisitiza uvuvi. Mwenye shahada ya uvuvi anaweza kukaa kwenye samaki, ufugaji wa majongoo bahari au mwani, huku akisubiri mradi wa pomboo. Mwenye cheti cha nyangumi peke yake hana pa kusubiria.

Na kuna jambo ambalo watu hawalizungumzii sana. Marekani ina sheria ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972, na mwaka 2016 ikatoa kanuni kwamba nchi inayoiuzia samaki ioneshe inadhibiti vifo vya wanyama hawa kwenye nyavu zake kwa kiwango kinacholingana na chao. Nchi haiwezi kuonesha hivyo bila watu wa kukaa kwenye vyombo na kwenye madiko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, wakihesabu. Watu hao watatoka wapi kama hatujawasomesha?

Kuhusu ada, shahada ya kwanza kuna Bodi ya Mikopo. Uzamili wa nje, Wabelgiji kupitia mpango wao wa ufadhili wa VLIR-UOS wamefadhili Watanzania na Wakenya wengi kwenye programu yao ya bahari na maziwa. Uingereza, St Andrews wana uzamili wa mamalia wa baharini wenyewe hasa, ila ada yake ni nzito, usiende bila ufadhili. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Pretoria kina kitengo cha nyangumi chenye historia ndefu. Pesa za utafiti wenyewe: WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, ambao ofisi yao iko hapahapa Zanzibar, wana ruzuku ya utafiti iitwayo MARG. Shirika la Rufford la Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa watu wa nchi kama zetu. Maombi haya yanashinda kwa uandishi. Kijana aandike, apeleke kwa mtu asome, arudie. Wengi wanakatwa kwa sababu hawakueleza watafanya nini Jumatatu asubuhi wakishapewa hela.

---

Nahodha wa Mkunguni

Assalaam alaykum. Mimi ni nahodha Kizimkazi, nimezaliwa hapa. Nataka na sisi tusikike. Zamani wazee wetu waliwachoma pomboo kwa chusa wawafanye chambo cha papa. Utalii ulipokuja miaka ya 1990 tukaacha. Sasa boti zimekuwa nyingi, wengine wanamkimbiza pomboo mbio mpaka mama anapotezana na mtoto. Sisi tunaona. Wanafunzi wanakuja, tunawabeba, tunawaonesha, wanaandika. Wengi hawarudi kutuambia wamegundua nini. Mtu unayemfundisha bahari kisha akakusahau inauma.

---

Mwana wa Diko

Wa alaykum salaam, nahodha. Umesema kweli na imenigusa. Wapo waliopima boti zile kitaalamu na wakaonesha kwamba pomboo wa Kizimkazi hubadilisha mwendo na kupunguza mapumziko boti zikiwazunguka, majike wenye watoto zaidi. Maneno hayo yako kwenye majarida ya Kiingereza, na aliyetakiwa kuyasikia kwanza ni wewe na wenzako mnaoshika usukani.

Vijana, kabla ya kuandika pendekezo la utafiti nenda diko. Kaa na wazee, saidia kuvuta chombo, sikiliza. Uliza pomboo wanakaa wapi kaskazi na wapi kusi. Nahodha atakupa kwa asubuhi moja kitu ambacho boti yako ya utafiti ingekitafuta mwaka mzima. Ukimaliza, rudi na picha na ramani, weka ukutani kwenye ofisi ya kamati ya wavuvi, eleza kwa Kiswahili. Weka siku hiyo kwenye bajeti ya ruzuku, pamoja na mafuta ya boti. Wafadhili wanaikubali.

Nahodha, mwezi ujao nikipita nitakutafuta nilete yale tuliyoyapata upande wenu.

---

Nahodha wa Mkunguni

Karibu. Njoo bamvua lisiwe kubwa, tutatoka wote.

---

Rehema_Kilwa

Nimesoma uzi wote. Mimi nasoma mwaka wa pili uvuvi, kwetu ni Kilwa. Babu yangu anasema amewahi kuona nguva wawili watatu kwa pamoja. Kaka yangu mvuvi hajawahi kumwona hata mmoja. Nataka nifanye nguva kwenye mradi wangu wa mwaka wa tatu, msimamizi anasema sitapata data kwa sababu hawapo. Naomba ushauri.

---

Mwana wa Diko

Rehema dada yangu, nimekungojea tangu nifungue uzi huu.

Msimamizi wako ana hoja: ukipanga kuwatafuta kwa boti unaweza kumaliza hela zote usione kitu. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, waliokomaa hawafiki 250, na kundi kubwa la kutegemewa liko Bazaruto, Msumbiji. Jike huzaa mtoto mmoja kwa miaka kadhaa, kati ya 3 na 7. Jamii ya namna hiyo haivumilii hata nguva wachache kunasa kila mwaka.

Lakini hayo uliyoandika kuhusu babu na kaka yako tayari ni data. Andika mradi wa mahojiano. Chukua vijiji vichache kati ya Kilwa na delta ya Rufiji, uliza wavuvi wa rika tatu: wazee, watu wazima, vijana. Umeona nguva lini mara ya mwisho? Mahali gani? Wavu wa aina gani? Alikuwa hai? Aliwekwa wapi baada ya hapo? Beba picha za nguva, pomboo na kasa, mtu achague mwenyewe, usimtajie jina kwanza. Waambie mapema kwamba hutaandika jina la mtu, maana nguva analindwa na sheria na aliyemnasa ataogopa kusema. Mahali wanapokutajia, nenda maji yakitoka ukaangalie kama majani ya bahari, ambayo ndiyo chakula cha nguva, bado yapo, piga picha, weka alama ya GPS.

Mradi huo unafanyika kwa nauli ya bodaboda na daftari. Anza na babu yako likizo hii, na umrekodi kwa simu akikuruhusu, akielekeza mahali kwa majina ya miamba na mikondo anayoyajua yeye. Rasimu ya maswali ikiwa tayari nitumie PM, nitaisoma na nitakuunganisha na mtu wa upande wa Mafia anayefanya kazi hii.

---

Rehema_Kilwa

Asante sana kaka. Babu yuko hai na anasikia vizuri. Nafunga chuo wiki mbili zijazo, naenda.